Waya Mbili za Volyumu

Ukitaka kumuudhi Salaash, mwimbie wimbo wa mama yake kwa jina la mke wa mtu. Mdoe alifanya hivyo, tena redioni, tena anacheka.

Wimbo wenyewe Salaash aliutunga juma lile alilomzika mama yake kule Mazingara. Akauita "Noonkipa", jina la marehemu, akaupeleka kwenye bendi yao ya Manundu. Yeye alikuwa anapiga gitaa la rizimu. Mdoe, kiongozi, anapiga solo na kuimba. Mdoe akausikiliza, akasema mzuri. Basi siku moja Salaash yuko kibandani anatengeneza redio ya mteja, redio ikapona, na sauti ya kwanza kutoka humo ikawa ya Mdoe: "Huu nimemtungia mke wangu, Tatu." Kila palipokuwa na Noonkipa, pamewekwa Tatu.

Alipomfuata, Mdoe alimpiga begani. "Morani, jina la mama yako refu, watu haliwakai mdomoni. Mimi nachunga bendi, wewe chunga rizimu."

Salaash akacheka naye. Meno tu.

Haukupita muda, gitaa la Mdoe likaanza kukwaruza. Ukigusa volyumu, linakohoa kama mzee wa tumbaku. Na fundi wa bendi ni nani? Ni Salaash huyohuyo.

"Lifumue lote," Mdoe akamwambia. "Weka waya mpya, ulehemu vizuri kwa risasi."

"Risasi za nini tena, bosi? Siku hizi kuna volyumu za kuchomeka. Waya zinakuja zenyewe, unachomeka, unabana. Hakuna moto wala moshi. Ukisumbua mmoja, unachomoa unaweka mwingine."

"Zikichomoka niko jukwaani je?"

"Zina kibanio. Bila mkono wa mtu hazitoki."

Hapo hakudanganya hata kidogo.

Kifurushi kikaja na basi kutoka Kariakoo. Salaash akafanya kazi safi, gitaa likalia kama halijawahi kuugua. Mdoe akazunguka nalo Manundu yote akijisifu: la kisasa, halina hata tone la risasi! Hakujiuliza kwa nini fundi alikazania hivyo. Volyumu iliyolehemiwa, kuigeuza kunataka umeme, moshi na harufu. Ya kuchomeka inataka bisibisi, na mwenye gitaa awe anakula pilau.

Pilau ikapatikana Handeni, kwenye harusi ya Naisenya, dada yake Salaash. Naisenya aliomba kitu kimoja tu: acheze na baba yao wimbo wa mama, kwa jina la mama. Salaash akampelekea Mdoe ombi.

"Kaka, leo tu. Bibi harusi ni mtoto wa Noonkipa."

"Mke wangu amekaa meza ya mbele pale, humwoni? Unataka nilale nje?"

Haya.

Mdoe ana tabia yake, mashabiki wote wanaijua. Akiimba, volyumu ya gitaa inakaa katikati. Sebene ikifika, pale kuimba kunapoliachia gitaa, anafumba macho, kidole kidogo kinaivuta mpaka mwisho. Walipojaribu vyombo kila kitu kilikuwa sawa. Kisha Mdoe akaenda kula. Salaash akalilaza gitaa nyuma ya spika, akafungua kifuniko cha mgongoni, akachomoa waya mbili za volyumu. Wa kulia akauchomeka kushoto, wa kushoto kulia. Alipomaliza kufunga, soda yake ilikuwa bado ina povu.

Sasa kupandisha kukawa kushusha, na kushusha kupandisha. Katikati ilibaki katikati.

Naisenya akaletwa uwanjani na baba yake, Mzee Kaika. Mdoe akaanza: "Tatu, Tatu wangu..." Naisenya akamgeukia kaka yake, macho yamemjaa machozi. Salaash akainama kwenye rizimu. Ngoja kwanza. Ngoja.

Sebene ikafika. Mdoe akafumba macho, kidole kikavuta.

Kimya.

Ngoma zinakwenda, besi inakwenda, vidole vya Mdoe vinakimbia kama vimefukuzwa, gitaa halisemi kitu. Akafumbua jicho moja. Akavuta tena.

"Bosi, umeme wa luku umeisha!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Mdoe akaona ashushe volyumu, abadilishe waya wa spika. Aliposhusha tu na kushika plagi, gitaa likapiga yowe la kupasua masikio. Tatu akajimwagia soda gauni zima. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Salaash akasogea kwenye maiki. Ile sebene akaipiga mwenyewe, maana ilizaliwa na vidole vyake, akaimba: "Noonkipa..." Mashangazi wa Mazingara wakaingia uwanjani, shanga zikiruka mabegani. Mzee Kaika hakucheza. Alisimama tu, ameushika mkono wa binti yake, anasikiliza jina.

Wimbo ulipoisha, Mdoe alikuwa nyuma ya spika, kifuniko cha gitaa amekifungua kwa sarafu. Waya hazikufichwa na chochote.

"Huu mwekundu ulikuwa kulia. Ni wewe."

"Ni mimi."

"Kesho bendi huna!"

"Na wewe leo gitaa huna." Salaash akaifumbata bisibisi yake; sarafu inafungua kifuniko, vibanio vya waya haivifungui.

"Nitazungusha kinyume, kwani shida iko wapi?" Akapanda jukwaani kwa hasira. Lakini kidole kilichozoea miaka yote kitageuka kwa dakika moja? Sebene ikafika, kikavuta kulekule. Watu walikishangilia kimya kile kuliko walivyowahi kushangilia solo zake.

Akarudi ameloa jasho. "Rudisha waya."

"Sekunde tu, si halina risasi? Kaseme kwanza wimbo ni wa nani. Kwenye maiki. Mimi usiniambie, najua."

"Salaash, Tatu yupo pale."

"Na Naisenya yupo pale."

Mdoe akaenda, akakohoa. "Jamani... ule wimbo katunga Salaash. Unaitwa Noonkipa. Ni mama mzazi wa bibi harusi."

Vigelegele vikapasua ukumbi. Tatu akachukua pochi yake, akatoka bila kugeuka nyuma.

Salaash akachomoa, akachomeka, akafunga. Mdoe akagusa volyumu, ikapanda.

"Tumemalizana?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Inategemea utaimba nini."

Bisibisi Salaash hakuirudisha kwenye boksi la vifaa. Aliichomeka mfuko wa shati, mpini nje, akasimama upande ambao Mdoe angeiona usiku kucha.