Kelele Katika Kaseti ya Noeli

Pale Mudzipela, mtaa mmoja wa Bunia, mtu akitaka kujua kama diski aliyonunua ni filamu safi au ni takataka, hakumuuliza muuzaji, maana huyo angeapa mpaka povu limtoke. Alimpelekea Emery. Emery alikuwa na kibanda cha mbao karibu na soko, na humo alinakili diski na kutengeneza video za ndoa, lakini sifa yake ilitokana na jicho lake. Aliitazama filamu yako dakika kumi, kichwa kimeinama upande, kisha akaandika kwenye kikaratasi: image, yaani picha, iko hivi, son, yaani sauti, iko hivi, na chini kabisa asilimia, kwa Kifaransa, kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Ukipata soixante-dix, yaani sabini, uliondoka unatabasamu. Ukipata quarante, arobaini, ulirudi sokoni kugombana. Hakumpendelea mtu, hata shemeji yake, na jambo hilo alijivunia kupita kiasi.

Jumatatu moja Mama Pétronille akasimama mlangoni pake. Emery alichukua muda kumtambua, kwa sababu mama huyu alikuwa mnene na mcheshi zamani, na huyu wa sasa alikuwa mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa mjane wa muzee Ambroise. Vita ilipoingia mjini mwaka 2003, waliondoka nyumbani watatu, baba, mama na binti yao mdogo, wakashika njia ya kusini kwa miguu. Homa ikamchukua mtoto, na siku nne baadaye ikamchukua muzee, huko mbele ya Boga. Pétronille alifika Butembo peke yake. Sasa ilikuwa imepita miaka sita. Amani ilikuwa imerudi kwa namna yake, ile ya kulala viatu vikiwa karibu na mlango, naye alikuwa ameipata tena nyumba yake na kubadilisha vitasa.

Alikaa kwenye benchi, akauliza habari za watu wa nyumbani, akajibiwa, ndipo akasema shida yake. Jumamosi ya wiki iliyofuata alitaka kumaliza matanga, kama inavyopasa, mbele ya ndugu na majirani.

"Makaburi ilibakia kule mu pori, mutoto wangu, batu habawezi kufika," alisema. "Lakini ile kaseti ya Noëli iko. Unitafutie ile. Nataka nisikie batu bangu."

Emery akajibu upesi, kabla akili haijamzuia:

"Iko, mama. Nitaitafuta."

Mama akamshukuru, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaenda zake. Emery akabaki ameutazama ule mkono. Kaseti haikuwepo, na aliyeifanya isiwepo ni yeye.

Ilikuwa hivi. Parokia ilikuwa na filamu moja ya zamani sana, ya wakati ambapo filamu hazikuwa na sauti. Wamisionari waliileta katika makopo ya bati, na watu waliiita Fakteri tu, kwa sababu ilimhusu mtu wa posta anayebeba barua moja milimani mpaka nywele zinamgeuka nyeupe. Kati ya picha na picha yalitokea maneno ya lugha ambayo hakuna mtu wa Bunia aliyeijua. Kwa hiyo kila Noeli muzee Ambroise alisimama kando ya kitambaa cheupe, mikro mkononi, akaisema filamu yote. Fakteri alimpa jina, akampa mama mkwe mkali wa kule Butembo, akampa deni la moyo na maumivu ya goti. Emery, kijana wakati huo, ndiye aliyezungusha mashine ya filamu, mwaka baada ya mwaka, mpaka maneno ya muzee yakamkaa kichwani kama sala.

Kulikuwa na sehemu moja ambayo kila mtu aliingojea. Katikati ya filamu, utepe ulikuwa umekwaruzwa vibaya, na mistari myeupe ilishuka kwenye picha kutoka juu hadi chini, dakika tano nzima. Mwingine angeomba radhi. Muzee Ambroise aliigeuza mistari ile kuwa mvua. "Ah, mvua ya Ulaya hii," alisema, "inamunyeshea fakteri peke yake, tazama, hata mbwa wake iko mukavu!" Watoto walijifunika vichwa kwa mikono, na ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko, watu wa kila upande wa mji, wale ambao baadaye hawakuweza hata kusalimiana.

Noeli ya mwisho kabla ya vita, padri mmoja mgeni aliweka kamera mbele ya kitambaa akarekodi yote kwenye kaseti. Emery hakuona kitu usiku huo. Jenereta ilikuwa inasumbua, akamwachia mwenzake mashine ya filamu, akakaa nje na jenereta mpaka mwisho, amepiga magoti kwenye mafuta.

Miaka miwili kabla ya Mama Pétronille kurudi, Padri Dominique, mwenye kulinda vitu vya parokia, alipokea diski kutoka Ulaya. Ilikuwa Fakteri, imesafishwa na wataalamu, picha moja moja. Akamletea Emery diski na ile kaseti ya Noeli, akamwomba aamue ni ipi ya kuweka, kwa sababu kabati lilikuwa dogo na panya walikuwa wengi. Emery alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Akaweka kwanza diski. Aliona vifungo vya koti la fakteri, aliona hata ukungu bondeni. Quatre-vingt-quinze, tisini na tano. Kisha akaweka kaseti. Picha inatetemeka, kona moja ina giza, kitambaa kina mkunjo, na hiyo kelele! Aliandika maneno haya, naye aliyakumbuka vizuri: "Image mbaya. Son mbaya zaidi. Batu banapiga kelele. Kuna mutoto karibu na mikro, anacheka bila kupumua, anaharibu yote." Dakika ya kumi akapunguza sauti mpaka mwisho, akaendelea kuitazama picha tu, kazi ni kazi. Vingt pour cent, ishirini kwa mia. Tupa.

Padri alimwamini. Emery hakuitupa, maana kaseti tupu zilikuwa adimu na kamera yake ya begani ilikula zile kubwa tu. Wiki hiyo hiyo akaitumia kwenye ndoa ya mfanyabiashara mmoja wa Mongbwalu.

Sasa roho ikaanza kumsuta. Usiku ule chakula hakikushuka. Mkewe, Rébecca, alimuuliza mara mbili kama anaumwa, akasema ni meno. Alfajiri akapanda pikipiki kwenda Mongbwalu, matope hadi magotini, na matumaini yake yalikuwa haya: kaseti ilikuwa ya saa tatu, ndoa haikuzidi saa mbili na nusu, pengine mkiani kumebaki kipande cha muzee. Mfanyabiashara alimkaribisha vizuri, akafikiri amekuja kuwasalimia. Wakaketi wote kwenye sofa, na mke, na mama mkwe, wakaitazama ndoa yao tangu kanisani. Emery aliwatazama wakicheza, wakila, wakicheza tena. Siku ile alikuwa amefanya kazi kwa bidii. Aliwarekodi mpaka kaseti ilipokatika yenyewe, shangazi mmoja akiwa ameinua mguu. Hakukubaki hata sekunde moja. Akamsifu bibi harusi, akarudi Bunia na mgongo unauma.

Mtu mwenye akili angeenda siku hiyo hiyo kwa Mama Pétronille akasema ukweli. Emery alifika hadi kwenye ua wake. Akamkuta anapaka chokaa ukutani kwa ajili ya wageni, naye alipomwona tu akaita, "Umeiona?" Uso wake ulikuwa umechangamka hivi kwamba Emery akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema iko, bado kuisafisha kidogo tu.

Basi akaamua kuitengeneza. Maneno si anayo? Sauti ya muzee si aliiiga tangu ujana, mpaka muzee mwenyewe alicheka? Mchana akafunga kibanda, akajifunika blanketi mpaka kichwani ili magari ya soko yasisikike, akafumba macho na kuisema Fakteri yote ndani ya mikro, goti, mama mkwe, na kile kikohozi kidogo muzee alichokohoa kabla ya kila huzuni. Alilia mahali fulani, ikabidi arudie. Kisha akaunganisha sauti hiyo na diski ya Ulaya kwenye kompyuta, akasikiliza mwanzo, akasikiliza mwisho, akaona midomo na maneno vinaenda pamoja. Alifikiria pia kuongeza watu wanaocheka, akaacha. Son safi ni son safi. Kwa mazoea tu alichukua kikaratasi, akaandika quatre-vingt-dix, tisini, halafu akaona haya, akakichana.

Jumamosi baada ya misa na chakula, sebule ya Mama Pétronille ilijaa mpaka mlangoni. Madirisha yalizibwa kwa vitenge. Padri Dominique alikaa mbele, kando ya mama. Emery akawasha, akarudi kusimama nyuma karibu na waya za jenereta, mahali pake pa zamani.

Sauti ilipotoka, sebule yote ilishtuka. Mzee mmoja akavua kofia. Wanawake walianza kulia, halafu wakacheka goti lilipouma, halafu wakalia tena. Emery alimtazama Mama Pétronille tu. Mama hakulia wala hakucheka. Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, sikio limetangulia, kama mtu anayengoja kuitwa. Emery akajiambia kwamba ni huzuni, itapita.

Ndipo sauti ikasema: "Ah, mvua ya Ulaya hii! Inamunyeshea fakteri peke yake!"

Kwenye televisheni jua lilikuwa linawaka. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wameifuta mikwaruzo yote. Fakteri alipanda mlima mweupe kwa mwanga, anajifuta jasho, na mbwa wake ametoa ulimi. Sauti ikaendelea kumlowanisha, ikasema viatu vimejaa maji, ikasema barua ataificha wapi. Watu wakatazamana. Yule mzee wa kofia akauliza polepole, "Mvua iko wapi?" Emery, jicho la Mudzipela, alikuwa ameisema filamu yote kwa macho yaliyofumbwa, na katikati hakuikagua. Hakujua kwamba mikwaruzo ya dakika zile tano imefutwa. Alitamani jenereta izime, lakini siku hiyo jenereta ilikuwa nzima.

Mama Pétronille hakuinuka. Aliacha filamu iishe, akawashukuru wageni mmoja mmoja, akahakikisha kila mtu amepata chai. Kisha akampungia Emery mkono, wakaenda nyuma ya jiko.

"Njo weye ulisema mule mu filamu," alisema.

"Njo miye, mama."

"Kaseti?"

Emery akamwambia yote: diski ya Ulaya, kabati la padri, ndoa ya Mongbwalu, blanketi. Aliongea akitazama chini, bila kujitetea, na kila neno lilimtoka kama jino. Alisema kwamba ana aibu kubwa, kwamba muzee alimfundisha kazi naye amemlipa hivi. Akaomba msamaha.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alipoongea hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Muzee umemusema muzuri," alisema. "Sauti yake miko nayo, nilikaa nayo miaka makumi mbili na mbili, hata nikilala naisikia. Mbele ya muzee kulikuwa batu, Emery. Ulibapatia ngapi?"

"Vingt, mama."

"Sababu ya nini?"

Hapo Emery alianza kuelewa, na alitaka asielewe. Lakini alikuwa ameulizwa, akajibu.

"Kulikuwa mutoto, karibu na mikro. Alikuwa anacheka sana."

Mama Pétronille alikaa juu ya kuni. Alikaa taratibu, akaweka viganja magotini. Alisema binti yake, Dorcas, alikuwa na miaka mitano Noeli ile, na padri mgeni alimpakata pale mbele, karibu na mikro ya kamera, ili aone vizuri. Hawakuwa na picha yake hata moja. Nyumba ilipoporwa, picha zote zilienda. Ndani ya televisheni leo mama alikuwa anamngoja Dorcas tangu mwanzo. Alingoja hasa mvua, kwa sababu kwenye mvua mtoto yule alicheka mpaka akapata kwikwi.

Kisha akainua uso, na ndani yake bado mlikuwa na kitu kidogo cha matumaini, ambacho Emery angetoa kila alichokuwa nacho asikione.

"Weye uliisikia," alisema. "Basi unieleze. Alicheka mpaka mwisho?"

Emery alikumbuka mkunjo wa kitambaa. Alikumbuka kona yenye giza, na mkwaruzo uliopita juu ya kofia ya fakteri, na saa iliyoandikwa chini ya picha. Alitafuta kicheko kichwani mwake, akakuta dakika kumi za kelele, na baada ya hapo mkono wake mwenyewe unageuza kitufe.

"Sijue, mama," alisema. "Nilipunguza sauti."