Kiti cha Mpishi

Wivu wa Patrisi ulianzia kwenye kioo. Wapo watu hapa Karatu watakaokuambia ulianzia kwenye kibuyu cha maziwa, na wengine watasema alizaliwa nao, eti akiwa mdogo kule Rhotia hakutaka mama yake abebe mtoto wa jirani. Maneno ya watu hayo. Mimi nilikuwa naziba pancha pale pale kwenye gereji aliyofanyia kazi, na ninajua ni kioo, kile kidogo cha ndani ya gari ambacho dereva hutazamia nyuma.

Mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena na wageni walikuwa wameanza kurudi. Mzee Thomasi, mkulima wa ngano, akanunua Landrova kuukuu ya kuwapeleka wazungu kupiga kambi Ngorongoro. Dereva alikuwa Lembris, Mmasai wa Nainokanoka. Mpishi alikuwa Evarista, mke wa Patrisi. Evarista alijifunza kazi jikoni kwa masista, na alikuwa akioka mkate ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, mkate ambao wageni waliuulizia kabla hawajaulizia simba.

Basi mke wa mtu anaondoka na gari, analala porini siku kadhaa, anarudi ananuka moshi na anacheka. Tena anarudi na kibuyu cha maziwa mgando alichopewa na mama yake Lembris. Patrisi hakuyagusa maziwa hayo. Alisema yana moshi mwingi. Mtoto wao Leonida aliyanywa yote akalamba na kikombe, na hilo nalo lilimuudhi.

Siku moja Lembris aliingiza gari gereji.

"Shemeji," alisema, "nifungie wavu wa chuma nyuma ya kiti cha katikati, toka sakafuni mpaka kwenye paa. Tukishuka ule mteremko wa kreta mizigo yote inakuja mbele. Juzi sanduku la vyombo lilibaki kidogo limvunje dada shingo."

"Dada yupi?"

"Evarista."

"Aha," Patrisi alisema. "Dada."

Lembris alipoondoka kwenda kunywa chai, Patrisi alinigeukia. "Tangu lini Mmasai wa Nainokanoka akawa na dada Mwiraqw?"

Nilimwambia ni heshima tu, angemwita nani, bibi? Patrisi alishapanda kwenye kiti cha dereva ili aanze kupima, na macho yake yalikuwa juu, kwenye kioo. Kioo hakikuonyesha dirisha la nyuma. Kilionyesha kiti cha katikati, pembeni karibu na mlango, pale Evarista anapokaa. Khanga yake ilikuwa imekunjwa pale pale.

Kila dereva wa safari angeweza kumweleza. Gari likijazwa mahema na madumu ya maji mpaka juu, dirisha la nyuma halionekani, kwa hiyo dereva anakishusha kioo aangalie mzigo usije ukaporomoka. Nilimweleza mimi.

"Wewe ziba pancha," alisema.

Sasa nikueleze jinsi fundi mzuri alivyoharibu kazi nzuri. Kwao Patrisi, katika nyumba ya baba yake, watu na mifugo walilala chini ya paa moja, na katikati kulikuwa na ukuta wa fito wa kuwatenganisha ndama na watu. Ukuta ule alikuwa akiutengeneza yeye tangu ujana wake. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: huyu abaki huku, na yule abaki kule. Alipopewa wavu wa gari, akaufikiria kwa kichwa kile kile. Alisahau kwamba nyumba haishuki mlima, wala haifungi breki.

Alitafuta mabomba ya vitanda vilivyovunjika, akaunda fremu, akachomelea nondo kwa kupitanisha, akaifunga kwa bolti zilizopita mpaka kwenye chasisi. Siwezi kuisema vibaya kazi ile. Tulining'inia pale watu wazima wawili na haikutikisika. Kisha, upande wa nyuma wa wavu, upande wa mizigo, akafunga kiti kidogo cha pembeni. Akakiwekea godoro la sponji, akalivalisha turubai la kijani. Kilipendeza.

"Hicho cha nani?" nilimuuliza.

"Cha mpishi. Akae karibu na vyombo vyake."

Mzee Thomasi alipokuja kukagua alifurahi kupita kiasi. Mpishi akihamia nyuma, mgeni mmoja zaidi anaenea katikati. Alimpiga Patrisi begani, akasema huyu ndiye fundi anayefikiria. Lembris alizunguka gari. Aliingiza vidole kwenye wavu akauvuta, ukakataa.

"Wavu ni mzuri, shemeji. Lakini mtu haketi upande ule."

"Unataka akae wapi? Mapajani kwako?"

Lembris alimtazama, kisha akamtazama Mzee Thomasi, ambaye alikuwa tayari anaondoka. Akanyamaza. Mwenye gari ameshasema.

Evarista hakunyamaza. Alikuja asubuhi ya safari na kikapu chake cha unga, akakiona kiti, akamwita mumewe nyuma ya pipa la maji. Hapakuwa mbali na mimi.

"Baba Leonida, umenifungia na viazi?"

"Nimekutengenezea kiti."

"Nilikuwa na kiti."

"Kile ni cha wageni."

"Sema unachotaka kusema."

Angesema. Alikuwa na nafasi, na mwanamke yule alikuwa tayari kusikia. Lakini Patrisi alifuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akasema mafuta yamepanda na kila mtu lazima avumilie. Evarista akapanda nyuma. Lembris alipakia mizigo mwenyewe siku ile, akayaweka madumu chini na mahema juu, akafunga kamba mara mbili. Gari lilipotoka, Patrisi aliinama kutazama kioo cha ndani. Nyuma ya dereva kulikuwa na nondo na sura za wazungu. Alipiga mluzi mpaka saa sita, nami nikatamani kumrushia tairi.

Walirudi kabla ya siku yao. Gari liliingia polepole, na wageni walishuka wa kwanza wakamfuata Patrisi moja kwa moja. Walimshika mkono mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, aliyekuwa na Kiswahili cha kubabaisha, alimweleza kwamba wakishuka kreta nyati alitokea konani, dereva akafunga breki, na mzigo wote ukaja kama ukuta. Wavu haukupinda. Wote wangekufa, alisema, asante sana fundi.

Patrisi alitabasamu. Nilimwona akitabasamu, na niliona tabasamu lilipokoma, kwa sababu alikuwa akiwahesabu walioshuka.

Lembris alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Mizigo mingi waliiacha kambini ili Evarista apate nafasi ya kulala. Alikuwa amelala kwenye mahema, mkono umefungwa kwa shuka nyekundu ya Lembris, uso umevimba upande ulioshindiliwa kwenye nondo. Mistari ya wavu ilikuwa imechorwa shavuni. Alikuwa anapumua kifupi kifupi.

Lembris aliingia ndani akapiga magoti, amhamishie kiti cha katikati kabla ya kumpeleka hospitali. Alipitisha mkono mmoja chini ya mgongo wake na mwingine chini ya magoti, taratibu, huku akimwambia jambo kwa sauti ya chini, na Evarista akaegemeza kichwa kifuani kwake. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa Patrisi. Utadhani wakati kama ule mtu hukumbuka huruma peke yake. Nakuambia nilichokiona: mshipa ulimsimama shingoni, na macho yake yalikuwa kwenye mkono wa yule mwanamume, si kwenye shavu la mkewe.

"Nipe," alisema. "Nipe mke wangu."

Akamshika. Alimshika ubavuni, kwa nguvu, kama mtu anayenyang'anya, na Evarista akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Patrisi aliiondoa mikono yake haraka. Akabaki ameinyoosha hewani, hajui aiweke wapi.

Evarista alifumba macho mpaka maumivu yakapungua. Alipoyafumbua alimtazama mumewe bila hasira yoyote, na nadhani Patrisi angependa zaidi kama angemtukana.

"Mwache Lembris anibebe, Baba Leonida," alisema. "Yeye anajua panapouma."