Subiri ya Pili

Chediel Mkumbo alipima mvua ya kijiji cha Misigiri kwa miaka kumi na sita bila kulipwa. Kila siku saa tatu asubuhi alizunguka nyuma ya duka lake, akamimina maji ya kipimamvua kwenye chupa yenye mistari, akaandika daftarini, kisha akamtumia ujumbe bwana shamba wa wilaya. Duka lilikuwa la kawaida: chumvi, sabuni, vocha, na msimu ukikaribia, mbegu za mahindi.

Watu walizoea kumuuliza kama wapande. Akisema pandeni, walipanda.

Mwaka juzi mvua ya kwanza ilinyesha Novemba, tarehe ishirini na tatu. Ilikuwa milimita kumi na tisa. Asubuhi hiyo alikuja Mama Peniel, mjane mwenye ekari mbili ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmeamkaje?"

"Salama. Shamba liko tayari. Nasubiri neno lako tu."

"Subiri ya pili," Chediel alisema. "Hii inadanganya. Mwaka jana walioiamini walipanda mara mbili."

Mama Peniel alisubiri, na kaya nyingi zilisubiri. Mzee Naftali, ambaye hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu kitu, alipanda kesho yake. Yakafuata manyunyu, leo kidogo, kesho kidogo, na mahindi yake yakaota yote. Wengine walipanda kuanzia tarehe kumi Desemba, Chediel alipopata milimita ishirini na tano na kusema sasa. Katikati ya Februari mvua ikakatika. Mahindi ya Naftali yalikuwa yamekwisha kubeba. Ya wengine ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele, nayo yakakaukia hapo hapo.

Mama Peniel alivuna gunia moja na madebe mawili.

Ndipo mtu akakumbuka kwamba mzigo wa mbegu wa Chediel ulishushwa dukani tarehe tisa Desemba, siku moja kabla hajasema pandeni. Ikaanza kusemwa mashineni na kisimani kwamba aliwazuia watu mpaka mali yake ifike.

"Nenda ukawaambie ni uongo," mkewe Rahel alisema.

"Nitakwenda. Lakini sijajua kama ni uongo wote."

Rahel alimtazama, akaendelea kuchambua mboga.

Kwenye mkutano wa kijiji alisubiri hadi mengineyo, akasimama.

"Mbegu zangu zilikuwa njiani, na nilijua," alisema. "Nilipowaambia msubiri, niliamini mvua haitoshi. Kama mbegu nazo zilinisukuma, sijui. Nimejichunguza sana, na bado sijui. Naomba mnisamehe."

Wachache walicheka. Wengine walinung'unika kwamba msamaha hauliwi. Mwenyekiti akafunga mkutano.

Chediel hakuuza mbegu tena. Kipimamvua alikihamishia uwanja wa ofisi ya kijiji, na kando yake akasimamisha ubao wa kuandika kipimo cha kila siku ili kila mtu ajisomee. Baadhi ya wateja walihamia duka la stendi na hawakurudi.

Novemba iliyofuata, siku ya mvua ya kwanza, alimkuta Mama Peniel mbele ya ubao. Wakasalimiana. Chediel akapima, akaandika: ishirini na mbili.

"Unasemaje?" Mama Peniel aliuliza.

"Ishirini na mbili."

"Hiyo nimeisoma. Nakuuliza wewe."

Chediel alifunga chaki kwenye karatasi, akaitia mfukoni.

"Mimi napanda kesho," alisema. "Naweza kukosea."

"Najua unaweza," alisema Mama Peniel, akaondoka.

Kesho yake Mama Peniel alipanda ekari moja. Nyingine aliipanda baada ya wiki mbili. Mvua za mwaka huo zilikwenda mpaka Aprili, na ekari zote mbili zilitoa mavuno.