Kilio cha Gaudensi

Tulikuwa tumeshaipita Msanzi, vyombo vichwani, tukihamia kijiji cha ujamaa. Tulipofika, mwenyekiti Marselino akatuonyesha kilima cha kukatia kuni. Dominika, mmoja wetu, akamnyonyesha mwanawe Gaudensi, akamwachia mama mkwe wake, akaenda kuchanja kuni. Wanawake wa kwetu walipima hivyo: mtoto akilia njaa kabla mzigo haujafika, kuni ziko mbali na hazitadumu.

Gaudensi alilia mpaka akachoka.

"Kilima hiki hakitatufikisha mbali, mwenyekiti," akasema Dominika, akitua mzigo.

"Mama Gaudensi, mtaalamu wako ndiye huyu anayenyonya?"

Watu wakacheka kidogo, tukajenga nyumba zetu palepale.

Baada ya miaka michache kilima kiliisha miti, tukapikia mabua. Marselino alihamia Milanzi. Dominika alifuata kuni mbali zaidi kila mwaka, mpaka mgongo ukakataa. Gaudensi, sasa mtu mzima, anauza mkaa mjini Chanji. Mimi nami nilikihama kijiji.