Karatasi Chini ya Sambusa

Saa nne asubuhi dada Koku alikuwa ameshafuta laibrari mara mbili na kuiweka upya mara mbili, na kompyuta bado inamgomea. Laibrari ni kazi iliyoandikwa na watu wengine, programu yako inaiazima tu. Hayo niliyajua kwa kusikiliza, maana mie pale ofisini Tabata nilikuwa nachemsha chai na kufagia, na shule niliiachia darasa la tano.

"Saa sita mama Misbah anakuja kuona programu ya duka lake la dawa," alisema Koku, akimtazama Hasnain, mwandishi mwenzake wa programu. "Akikuta haya maandishi mekundu ya makosa, kazi anampa mwingine. Hasnain, hujaingiza kitu humu?"

"Mie? Wallahi sijagusa."

"Programu inataka toleo la pili la laibrari. Toleo la pili lipo. Sasa inalalamika nini?"

"Labda imechoka kuiona sura yako."

"Nyamaza, Hasnain!"

Kompyuta kubwa ilikuwa moja, ya wote, na sharti lake moja: anayeingiza kitu anaandika kwenye karatasi inayokaa kando ya birika.

"Na karatasi iko wapi?" aliuliza Koku.

Nikatazama sinia. Karatasi ilikuwa chini ya sambusa. Asubuhi niliiona imejaa pande zote mbili, nikadhani imemaliza kazi yake, nikaitandika.

Nilijifanya nafagia mpaka saa tano. Kisha nikahamisha sambusa mojamoja, nikampelekea karatasi ikiwa inang'aa mafuta.

"Dada, nisamehe. Ni mimi niliyeichukua."

Koku akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Jumanne. Toleo la tatu, folda ya majaribio. Hasnain." Akamgeukia. "Hujagusa, eeh?"

"Lo! Nilikuwa najaribu tu, nikasahau."

Kumbe kompyuta ilikuwa inaanza na toleo la tatu, lililobaki kwenye folda ya majaribio, na kumalizia na la pili, vitu havioani. Koku akaliondoa la tatu, akafuta vipande vyote vya zamani, akaijenga programu upya. Maandishi mekundu hayakutokea. Mama Misbah alipopiga hodi, Hasnain ndiye aliyemkimbilia na sambusa.

Nilingoja kufukuzwa. Koku akanipa daftari jipya na kalamu iliyofungwa kamba. "Tusajigwe, hili lako. Asiingize mtu kitu bila kupita kwako."

Kesho yake Hasnain alikuja jikoni, mikono nyuma. "Dada Tusa, naomba kuingiza kitu kidogo."

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Toleo la ngapi?"