Mraba wa Mama

Kifurushi cha kwanza cha vipande Kimya alikabidhiwa kwa maneno machache tu: cha mume wangu. Mama mkwe wake alikisukuma juu ya meza ya cherehani, akaongeza kwamba mchoro wake ni ngazi na kwamba mishono ikutane sawasawa kwenye pembe, kisha akajikongoja zake chumbani kunyoosha mgongo.

Kimya alifungua uzi. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba vya kitambaa cheupe, na vingine vya buluu vilivyojaa bata wadogo wa njano. Akaduwaa. Baba mkwe hakuwahi kumwona, alishafariki kabla yeye hajaolewa, lakini picha yake ilitundikwa sebuleni: mzee wa suti, kidevu juu, mtu ambaye ungemwomba ruhusa hata ya kukohoa. Mtu kama huyo na bata wapi na wapi? Ila kuuliza hakuuliza. Hilo jina la Kimya hakupewa bure. Wifi yake ndiye aliyembandika wiki ile ile ya harusi, baada ya kukaa naye mchana kutwa na kuambulia "ndiyo" na "asante", na jina likamganda. Basi akajiambia kwamba marehemu pengine alikuwa na upande wake wa chumbani, akaishona ngazi ile kwa adabu zote, utadhani anamvisha mzee mwenyewe.

Kumbe mume huyo alikuwa mjukuu. Mtoto wa shemeji mkubwa, miaka saba, meno ya mbele hana, bibi yake anamwita mume wangu tangu kuzaliwa. Jumamosi alipokuja kusalimia aliuona mraba mezani na kudai pajama zake. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Kimya naye akacheka, lakini ndani alijisikia mtu aliyepotea njia akiwa nyumbani kwake. Kama nyumba yenyewe ilikuwa kwake, maana hata hilo hakuwa na hakika nalo.

Shuka la viraka lilianza kwa sababu ya macho. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na sasa ukungu ulikuwa umemwingia. Daktari alishamwambia kwamba jicho la kulia ndiyo basi tena, na la kushoto liko njiani. Watu wengine wangelia. Yeye alikwenda kwa wanawe mmoja mmoja kuwaomba nguo zao kuukuu, akazikata akitumia vipande vyake vya kadibodi, na kuvifunga vifurushi ndani ya kapu. Alitaka shuka ambalo kila mraba una mchoro wake na nguo ya mtu wake: huyu ngazi, huyu nyota, huyu feni, huyu kikapu. Giza likishaingia, alieleza, atakuwa akilala anapitisha mkono juu ya mishono na kujua yuko na nani. Kwa hiyo ilikuwa mwiko michoro kufanana. Asije akamshika binti yake akadhani ni shemeji yake.

Kukata aliwahi. Kushona ndiko macho yalikomwangusha, na mkono pekee uliokuwa karibu ni wa Kimya, mkaza mwana wake, mjane wa kitinda mimba wake.

Kazi ya Kimya ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi. Pasi aliijua. Shati likipita mikononi mwake lilitoka na mstari wa kukatia mkate. Cherehani lilikuwa habari nyingine. Aliunganisha pembetatu, akageuza, akakuta upande wa nje umeangalia ndani. Akafumua. Akaunganisha tena, pembetatu zikatoka bila ncha kwa sababu hakuacha nafasi ya mshono. Mama mkwe alikuwa akipitisha kidole juu ya kila mraba, uso ameuelekeza dirishani, na kutoa hukumu: "Huyu hana bega. Fumua." Au: "Huyu umemvunja kiuno." Kimya akifumua shemeji, akimshona upya, hajui tena upande upi ni juu.

Na majina ndiyo yalimmaliza kabisa. Mke mwenzangu alikuwa mjukuu wa kike. Baba alikuwa shemeji mkubwa, kwa kuwa alirithi jina la baba yake mama mkwe. Mchumba wangu wa zamani alikuwa mume wa wifi, na hapo Kimya alibaki mdomo wazi kwa muda mrefu kidogo. Kila kifurushi kilipotoka kapuni ilibidi apige hesabu za ukoo kwanza ndipo atie uzi kwenye sindano.

Mraba mmoja tu haukuhitaji kuelezwa. Ulikuwa wa ovaroli nzito ya kijivu, yenye matobo madogo madogo yaliyoachwa na cheche. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Mama mkwe hakusema hiki cha nani, alisema tu nyota, na kwamba matobo yasizibwe kwa sababu vidole vitayatafuta. Kimya alishona mraba ule na machozi yakimdondokea kwenye kitambaa, akayapiga pasi yakakauka. Nyota ile ilitoka na ncha zake zote, mara ya kwanza na bila kufumua.

Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Hawakujaliwa mtoto. Baada ya mazishi ndugu walitawanyika, Kimya akabaki na mama mkwe, wawili hao tu, na hakuna aliyemwambia kaa wala aliyemwambia nenda. Kwao walikuwa wanauliza anarudi lini. Yeye hakutaka kurudi. Alimpenda yule mama, alizipenda kelele zake na hukumu zake. Lakini mtu hawezi kujikaribisha mwenyewe kwenye nyumba ya watu, na kuuliza, kama mnavyojua, hakuweza. Juzi tu wifi alimsogelea jikoni, akahangaika na kifungo cha mkoba wake, kisha akasema kwamba shuka likiisha watakaa wazungumze habari za kile chumba cha Kimya. Kimya alijibu ndiyo. Usiku huo hakula.

Hivyo akawa anaangalia kapu. Kama yumo ndani, basi ni mtu wa nyumba hii. Kama hayumo, atakuwa amejibiwa bila kuuliza. Vifurushi vikapungua. Kikatoka cha wifi, akatoka hata jirani wa ukuta mmoja, aliyewakilishwa na kitambaa chake cha kichwani. Mwishoni kapuni kikabaki kifurushi kimoja.

"Hiki cha mama," alisema mama mkwe akimpa. "Mchoro ni kikombe. Kishone taratibu, nilikikata nikiwa sioni vizuri."

Kimya alikaa nacho mapajani. Kilikuwa cha kijani, pamba mpya kabisa, bado inanukia duka. Akapiga hesabu zake. Baba alikuwa mtu mwenye jina la baba. Basi mama atakuwa mtu mwenye jina la mama yake mama mkwe, na huyo ni wifi, lakini wifi ameshapata wake, feni, kesi imekwisha. Ina maana safari hii mama ni mama kweli, bibi wa ukoo, aliyekufa zamani. Na kwa vile nguo zake haziwezi kuwepo tena, kikanunuliwa kitambaa kipya. Kila kitu kikakaa mahali pake, na Kimya akajisikia vibaya kuliko siku zote tangu kapu lile lifunguliwe. Waliokufa wamo. Jirani yumo. Yeye hayumo.

Aliushona mraba wa kijani vizuri, hakumwonea marehemu. Halafu, siku mama mkwe alipopelekwa kliniki na mwanawe, alifanya jambo ambalo hakulitegemea kwake mwenyewe. Alichukua gauni lake la njano, akalikata pindo na kujishonea mraba. Kadibodi hakuwa nayo, mchoro hakuujua. Alianza na kipande katikati, akakizungushia vingine, kila kimoja kikiegemea mwenzake, na ukatoka umepinda upande kama meza yenye mguu mfupi. Akaupiga pasi mpaka ukatii. Akauchomeka katikati ya miraba mingine na kurudisha cherehani mahali pake, kama mwizi anayefuta nyayo.

Jumapili mchana wakaipanga miraba kitandani. Mama mkwe alitaka safu nne, kila safu watu watatu. Alikuwa akipapasa, anataja, anaweka: mume wangu hapa, mke mwenzangu pembeni yake, kitinda mimba wangu katikati. Kimya alisimama nyuma yake, ameshika kingo za gauni. Safu nne zikajaa. Mkononi mwa mama mkwe ukabaki mraba mmoja.

Akaupapasa. Akaugeuza. Akaupapasa tena.

"Huyu nani?"

Kimya alinyoosha mkono auchukue, mama mkwe akauzuia.

"Huyu sikumkata mimi. Amekaa kombo. Nani huyu?"

"Wangu," alisema Kimya. "Samahani, mama. Nitaufumua."

"Ufumue upi?"

"Wangu."

"Wako si huu hapa?" Mama mkwe alinyoosha mkono juu ya kitanda, akatafuta kidogo, akaweka kiganja juu ya mraba wa kijani.

"Huo wa mama yako."

"Mama yangu?" Yule mama aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Mama yangu amefuata nini humu? Alikufa mimi sijui hata kutunga uzi. Huu wa mama. Humu ndani namwita nani mama, asubuhi mpaka jioni? Mama, chai. Mama, kandambili zangu zimepotea. Nani huyo?"

"Unamwita mama kila mtu," Kimya alisema. "Hata muuza maziwa."

Mama mkwe alifikiri. Ilibidi akubali kwamba hilo lilikuwa kweli.

Kimya alikaa kwenye kona ya kitanda. Alitaka kuamini na hakujua aanzie wapi, na katika kutafuta pa kushika akauliza jambo dogo lililokuwa karibu: kama ni wake, mbona kitambaa kipya? Wenzake wote wametiwa nguo walizovaa.

"Ningekata ipi?" alisema mama mkwe. "Tangu tumzike mtoto wangu, nguo zako zote ziko sandukuni. Kabati umeliacha tupu, nimelipapasa mwenyewe. Kila asubuhi nikiwa bado kitandani nasikia zipu ya lile sanduku. Nasema haya, leo anaondoka. Nangoja nisikie mlango. Halafu nasikia sufuria jikoni."

Kimya alifunika uso kwa viganja.

"Nikamtuma wifi yako akuulize kama unatuacha," mama mkwe aliendelea. "Akarudi ananiambia umesema ndiyo."

"Aliniuliza habari za chumba."

"Chumba gani?"

"Sijui. Chumba tu. Mimi nikadhani mnakitaka."

Mama mkwe akasema neno moja kuhusu binti yake, ambalo hatutaliandika hapa, na baada ya hapo midomo ikaanza kumcheza. Alikuwa analia. Macho yale yasiyoona vizuri yalikuwa yanajua kazi hiyo bado.

"Nilikuwa nangoja mniambie niondoke," alisema Kimya. "Sikutaka. Sitaki, mama. Siondoki."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa ndani ya nyumba ile. Mama mkwe alimtafuta mkono, akaukosa, akashika goti, akaridhika na goti. Wakakaa hivyo mpaka kila mmoja akapenga kamasi kwa wakati wake.

Baadaye Kimya aliusogeza ule mraba wa njano, akasema basi huu hauhitajiki tena, umezidi, na safu zimeshajaa. Mama mkwe alimpokonya.

"Wa kijani nilikukata mimi, kwa kubahatisha," alisema. "Huu umejikata mwenyewe. Siachi hata mmoja."

"Utatokeza nje ya shuka."

"Na utokeze."

Kimya alivuta cherehani karibu na dirisha na kutia uzi. Akauliza waanze kuunganisha kutoka upande upi, na mama mkwe, akiwa bado anafuta pua, akamwambia aanze na wake.

"Upi?" aliuliza Kimya.

Mama mkwe alifungua mdomo kumjibu, akasita. Mkono wake ukaenda kwenye wa kijani, ukaenda kwenye wa njano, ukarudi tena kwenye wa kijani.

"Sasa hapo, mama," akasema, "umenichanganya na mimi."