Chupa Iliyopauka

Nilikuwa naimba nilipoimwaga chupa ya saba. Maji yaliyopauka yalizunguka kwenye beseni la klorini yakatulia, nami naimba kama mtu aliyemaliza kazi mapema.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa mwosha vyombo wa maabara ile, na kanuni yangu ilikuwa moja. Sianobakteria ni vijidudu vya majini vinavyoishi kwa mwanga. Vikiwa na afya ni kijani cha kuelekea samawati. Vikikosa chakula hupauka, na vikipauka ni vya kumwaga. Sikuisoma popote. Niliijua kwa macho, na macho yangu nilikuwa nayaringia.

Mdogo wangu ndiye aliyesoma. Yeye alikaa meza ya dirishani, mimi kwenye beseni, na watu walitutania kwamba nyumba yetu imetoa kichwa na mikono. Siku moja tukiwa tunakula mchana alinieleza utafiti wake.

"Kila kijidudu kina antena za kunasa mwanga, kaka. Vya juu vina uroho, vinanasa kuliko vinavyoweza kutumia. Vya chini vinabaki gizani. Nikipata vyenye antena fupi, mwanga utafika hadi chini, na chupa nzima itafanya usanisinuru."

"Hao wa juu nawajua," nikasema. "Wako hadi ofisini."

Tukacheka. Hakuniambia, wala sikuuliza, kwamba ile samawati imo ndani ya antena zenyewe.

Profesa wa maabara alikuwa amempa mdogo wangu hadi mwisho wa mwezi. Asipopata kitu, nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

Jumatatu hiyo niliyoimwaga chupa ya saba, aliingia na chupa tupu tatu mkononi.

"Kaka, ile ya saba umeiweka wapi? Nimekuja kuigawa."

"Ilikufa. Nimeimwaga."

Akashika ukingo wa meza. "Haikufa. Ilipauka Ijumaa jioni kwa sababu antena zimefupika. Ndiyo niliyoitafuta miaka minne."

Chupa yenyewe ilikuwa bado haijaoshwa, imepinduliwa kando ya beseni, na shingoni ilikuwa na mstari mwembamba wa utando. Akaukwangua kwa waya, akautia kwenye maji mapya ndani ya mojawapo ya zile chupa tupu, akaiweka chini ya taa. Kila asubuhi nilifika kabla milango haijafunguliwa. Niliomba Mungu, na zikaja siku nikaiomba hata taa.

Siku ya tisa nikakuta rangi.

"Mdogo wangu, imeota. Njoo uone, imeota."

Ilikuwa kijani cha kuelekea samawati, kizuri ajabu. Aliitazama muda mrefu, kisha akaniwekea mkono begani.

"Hivi ni vya kawaida, kaka. Vimeingia kutoka chupa nyingine."

Mwisho wa mwezi alirudisha ufunguo, akafuta meza yake, akaniletea chupa ile niioshe, kama kazi nyingine yoyote. Ilikuwa na afya tele. Nilikaa nayo mapajani hadi jioni, nikishindwa kuimwaga.